Upepo, Mito na Majira ya Diatomu

Mvuvi wa pwani ya Waswahili hahitaji kalenda ya ukutani ili ajue kwamba bahari imegeuka. Kaskazi ikianza kuvuma Novemba au Desemba, maji hutulia na joto hupanda. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hadi Septemba, mawimbi hukua na vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba. Kati ya pepo hizo mbili kuna tangambili, siku ambazo tanga halijui lielekee wapi. Safari za nje, uvuvi wa dagaa kwa karabai katika usiku wa kiza, hata bei ya samaki sokoni, vyote hufuata mzunguko huo.

Chini ya majira ya upepo kuna majira mengine, ya viumbe tusivyoweza kuviona kwa macho. Ni majira ya diatomu, mwani wa seli moja unaoelea karibu na uso wa maji na kulisha, moja kwa moja au kwa kupitia wengine, sehemu kubwa ya samaki tunaowavua. Zipo wiki ambazo diatomu huongezeka kwa wingi wa ajabu, na zipo wiki ambazo karibu zinatoweka. Ratiba hiyo hupangwa na mwanga, upepo, mito na wanyama wanaozila. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayeubadilisha mto au kuipasha bahari joto anaugusa msingi wa uvuvi, hata kama hajawahi kukanyaga ufukwe.

Tuanze na kiumbe mwenyewe. Wavu wa planktoni wenye matundu ya maikromita 20 ukivutwa polepole nyuma ya mashua kwa dakika chache, chupa iliyofungwa mwishoni mwake hukusanya maji yenye rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na kijani. Tone moja la maji hayo likiwekwa chini ya hadubini, hutokea umati wa maumbo yaliyonyooka na kupangika. Chaetoceros hukaa kwa minyororo, seli baada ya seli, kila moja imenyoosha miiba mirefu myembamba iliyosukana na ya jirani yake. Coscinodiscus ni duara lenye vitundu vilivyopangwa kwa safu. Rhizosolenia ni kijiti kirefu kilichochongoka ncha zote mbili. Zote zina gamba la silika, maada ileile ya mchanga na kioo, lililoundwa kwa vipande viwili vinavyofunikana kama kopo na mfuniko wake.

Gamba hilo ndilo linaloitofautisha diatomu na mwani mwingine, na ndilo linaloifunga kwenye mahitaji yake. Seli inapogawanyika, kila mtoto hurithi kipande kimoja cha gamba na kujijengea kingine cha kuingia ndani yake. Hivyo katika jamii nyingi saizi ya wastani hupungua kizazi baada ya kizazi, mpaka uzazi wa kijinsia uirudishe seli kwenye ukubwa wa awali. Hali ikiwa nzuri, seli nyingi hugawanyika mara moja kwa siku au zaidi, na kwa mwendo huo seli moja huweza kuwa zaidi ya elfu moja ndani ya siku 10. Kwa kila mgawanyiko, hata hivyo, lazima pawepo silika iliyoyeyuka majini. Diatomu za baharini zenye afya hutumia, kwa wastani, atomu moja hivi ya silikoni kwa kila atomu moja ya naitrojeni. Silika ikiisha, ujenzi husimama hata kama virutubisho vingine vimejaa tele.

Wanasayansi hukadiria kwamba diatomu hufanya takriban moja ya tano ya usanisinuru wote unaofanyika duniani, nchi kavu na baharini kwa pamoja. Kazi kubwa kiasi hicho haigawanyiki sawasawa katika mwaka. Hufanyika kwa vipindi, na kuvielewa vipindi hivyo kumewashughulisha wataalamu kwa karibu karne nzima.

Maelezo yaliyotawala kwa muda mrefu yalitoka Atlantiki ya Kaskazini. Mwaka 1953 Harald Sverdrup, mtaalamu wa bahari kutoka Norwei, alichapisha makala fupi iliyotumia vipimo vya meli ya hali ya hewa iliyokuwa ikikaa katika Bahari ya Norwei. Hoja yake ilikuwa hivi. Wakati wa baridi kali, dhoruba hukoroga maji hadi mamia ya mita. Virutubisho huletwa juu, lakini seli nazo huburutwa chini gizani na kukaa huko muda mwingi, zikitumia nguvu nyingi kuliko zinazozitengeneza kwa mwanga. Jua la machipuko likipasha uso wa bahari, maji ya juu huwa mepesi na kuacha kuchanganyika na ya chini. Tabaka linalokorogwa likishakuwa na kina kidogo kuliko kile alichokiita kina cha mpaka, seli hubaki kwenye mwanga, ukuaji hushinda hasara, na diatomu hulipuka kwa wingi. Baada ya wiki chache silika huisha katika maji ya juu, seli hugandamana na kuzama, na viumbe vidogo visivyohitaji silika huchukua nafasi.

Mwaka 2010 Michael Behrenfeld wa Marekani aliyapinga maelezo hayo hadharani. Akitumia picha za setilaiti, alionyesha kwamba ongezeko huanza mapema zaidi, katikati ya majira ya baridi, wakati maji bado yanakorogwa kwa kina kirefu. Alieleza kwamba ukorogaji huo huwatawanya walaji na chakula chao katika maji mengi, hivyo hukutana mara chache, na mwani hupata nafasi ya kuwatangulia. Mjadala haujafungwa, lakini umeacha somo la kudumu: ukuaji ni upande mmoja tu wa hesabu. Upande wa pili ni kuliwa. Diatomu huonekana kwa wingi pale zinapozaliana kwa kasi ambayo walaji, hasa wanyama wadogo sana, ndugu wa kamba, waitwao kopepodi, hawajaifikia.

Kutokana na hayo tunapata masharti manne: mwanga, ukorogaji, virutubisho pamoja na silika, na walaji. Ramon Margalef, mwanaikolojia wa Kikatalani, aliyaweka mawili kati ya hayo kwenye mchoro mmoja mwaka 1978. Maji yanayokorogwa na yenye virutubisho vingi ni makazi ya diatomu; maji yaliyotulia na kuishiwa ni makazi ya viumbe wenye mikia ya kuogelea, wanaoweza kusaka chakula wenyewe. Diatomu haina mkia. Katika maji matulivu huzama, na upepo ndio unaoirudisha juu. Mchoro huo unatufaa sana tukigeukia maji yetu.

Katika nchi za joto mwanga haukosekani mwaka mzima, hivyo jua si mpangaji mkuu wa majira. Mpangaji mkuu ni upepo. Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania joto la uso wa bahari hucheza kati ya nyuzi 25 hivi za Selsiasi mnamo Agosti na Septemba, na nyuzi 29 au zaidi mnamo Machi na Aprili. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mtu anayeoga, lakini kwa diatomu ni kubwa. Wakati wa kaskazi, maji ya juu yaliyopashwa joto hukaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo sana, na virutubisho hubaki chini. Aliye na nafasi nzuri majira hayo ni Trichodesmium, bakteria wa rangi ya kibuluu-kijani anayeweza kutumia naitrojeni ya hewani. Siku za shwari huonekana kwa macho, utando wa rangi ya vumbi la mbao ulioelea kwa mistari mirefu juu ya maji.

Diatomu chache hufuata njia hiyohiyo kwa msaada. Ndani ya baadhi ya Rhizosolenia na Hemiaulus huishi bakteria aitwaye Richelia, anayeivuta naitrojeni ya hewani na kumlisha mwenyeji wake. Ushirika huu wa bahari za joto huziwezesha diatomu hizo kukua katika maji ambayo nyingine zingekufa njaa.

Kusi ikiingia, mambo hugeuka. Upepo wenye nguvu na hewa ya kipupwe hupoza uso wa bahari, tabaka linalokorogwa huenda chini zaidi, na virutubisho kidogo hupanda. Picha za setilaiti huonyesha klorofili ikiongezeka mbali kidogo na pwani ya Tanzania katika miezi hiyo. Hata hivyo ongezeko hilo ni la kiasi. Maji ya Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaotiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, hutoka upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi, yakapita Madagaska na kugonga bara karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hufika yakiwa ya moto na maskini wa virutubisho.

Ukivuka ikweta, upepo uleule huleta matokeo tofauti kabisa. Dunia inapozunguka, maji yanayosukumwa na upepo hupindishwa: kusini mwa ikweta hupindia kushoto, kaskazini mwake kulia. Kusi inapovuma kuelekea kaskazini kandokando ya pwani ya Tanzania, maji ya juu hupindia magharibi na kurundikana ufukweni, hivyo maji baridi ya chini hayapati nafasi ya kupanda. Kwenye pwani ya Somalia, kusi hiyohiyo huyasukuma maji ya juu kwenda mashariki, mbali na bara. Nafasi yake hujazwa na maji kutoka chini, baridi na yenye virutubisho tele. Karibu na Ras Hafun joto la uso huweza kushuka chini ya nyuzi 20 katikati ya mwaka, kwenye latitudo ambayo mtu angetarajia bahari ya moto. Diatomu hustawi huko kwa kiwango ambacho pwani ya Tanzania haikijui, na eneo hilo ni miongoni mwa yale yenye rutuba kubwa zaidi katika Bahari ya Hindi.

Kaskazi hugeuza kanuni hiyo. Inapovuma kuelekea kusini, maji ya juu ya pwani ya Kenya huelekea kusukumwa nje, huku yale ya Somalia yakirundikana ndani. Wakati huohuo Mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, ukakutana na ule wa Afrika Mashariki, na yote miwili ikaelekea baharini. Sehemu ya kaskazini ya pwani ya Kenya, kuelekea Lamu, hupata rutuba yake katika miezi ambayo sehemu nyingine zimepungukiwa. Kwa hiyo anayeuliza diatomu huchanua lini katika pwani yetu lazima aulizwe kwanza yuko wapi. Sheria za uvuvi zinazofunga na kufungua misimu kwa tarehe moja, pwani nzima, zinapaswa kulizingatia jambo hili.

Mito ina majira yake pia. Mvua za masika huanza Machi na kushika hadi Mei, zile za vuli Oktoba hadi Desemba, na baada yake Rufiji, Ruvu, Pangani, Tana na Sabaki huingiza baharini maji ya tope. Tope huzuia mwanga karibu na mlango wa mto, lakini maji hayo hubeba silika iliyotokana na miamba ya bara inayomomonyoka. Naitrojeni na fosforasi zinaweza kutoka kwenye mbolea na maji machafu ya miji. Silika kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye mawe, na njia yake kuu ya kufika pwani ni mto. Bwawa likijengwa, maji hutulia, tope hutua, diatomu za maji yasiyo na chumvi huitumia silika na kuzama nayo, na mafuriko ya msimu husawazishwa yasiwe tena na kilele.

Matokeo yake yameonekana Misri. Kabla ya miaka ya 1960, mafuriko ya Nile, yaliyotokana hasa na mvua za nyanda za juu za Ethiopia, yalifika Mediterania kuanzia Agosti hadi Oktoba kupitia matawi ya Rashid na Damietta. Mashariki ya Mediterania ni kati ya bahari maskini zaidi duniani kwa virutubisho, na mafuriko hayo yalikuwa karamu yake ya mwaka. Diatomu zilichanua nje ya delta, na dagaa wa jamii ya Sardinella walikusanyika kuzila pamoja na planktoni ya wanyama. Wavuvi wa Misri waliupanga mwaka wao kwa kuisubiri miezi hiyo. Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kuyazuia maji mwaka 1964, mafuriko yalikoma. Mavuno ya dagaa hao yalikuwa takriban tani 18,000 mwaka 1962. Mwishoni mwa muongo huo yalikuwa chini ya tani 1,000. Uvuvi uliinuka tena tangu miaka ya 1980, na maelezo yanayotolewa ni virutubisho vya mbolea na maji machafu kutoka miji na mashamba ya delta. Lakini ule msimu wa mafuriko haukurudi.

Kwenye mto Danube, bwawa la Iron Gates lililokamilika mwaka 1972 lilifuatiwa na kupungua sana kwa silika katika Bahari Nyeusi, huku naitrojeni na fosforasi zikiongezeka. Diatomu zilipoteza nafasi yao kwa viumbe visivyohitaji silika. Afrika Mashariki ina mfano wake katika maji yasiyo na chumvi. Katika Ziwa Victoria, kusi ya katikati ya mwaka hukoroga maji na kuleta msimu wa diatomu. Vipimo vya mtafiti J. F. Talling vya mwaka 1960 na 1961, vikilinganishwa na vya karibu na 1990, vinaonyesha silika ya maji ya juu ikiwa imepungua mara 10 hivi. Fosforasi iliyoongezeka ilizifanya diatomu zikue kupita kiasi na kuizika silika chini ya ziwa. Aulacoseira, iliyokuwa imetawala, ilipungua sana, na bakteria wa kibuluu-kijani wakashika nafasi kubwa.

Mito yetu inayokwenda baharini imeingia kwenye njia hiyohiyo. Bwawa la Masinga kwenye mto Tana lilikamilika mwaka 1981, na Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme huo unahitajika, na sina hoja dhidi ya taa kuwaka. Hoja yangu ni kwamba delta ya Rufiji, na uvuvi wake wa kamba na samaki, ilijengeka kwa kufuata mafuriko ya msimu. Namna ya kufungulia maji ni uamuzi wa binadamu, na katika uamuzi huo bahari inastahili kuhesabiwa pamoja na mitambo na mashamba.

Joto nalo linasukuma upande uleule. Magharibi ya Bahari ya Hindi ya tropiki imekuwa ikipata joto kwa kasi, na maji ya juu yakizidi kuwa ya moto huzidi kuwa mepesi na kukataa kuchanganyika na ya chini. Utafiti ulioongozwa na Mathew Koll Roxy, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba planktoni ya mimea katika eneo hili ilipungua kwa hadi asilimia 20 ndani ya miongo sita. Kwa mchoro wa Margalef, bahari inayozidi kutulia ni bahari inayozipa diatomu nafasi ndogo, na upungufu huo hupanda hadi kwa vibua na jodari.

Setilaiti zinatusaidia, lakini zina mipaka. Zinaona rangi ya klorofili ya maji ya juu. Hazitenganishi kwa urahisi diatomu na viumbe wengine, hazipimi silika, na wakati wa kusi mawingu huzifumba macho. Kujua msimu umesogea kwa wiki mbili au tatu kunahitaji mtu anayechota maji mahali palepale, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka mingi. Wengine wamefanya hivyo. Kifaa cha Alister Hardy cha kurekodi planktoni kimekuwa kikivutwa na meli za biashara katika Atlantiki ya Kaskazini tangu mwaka 1931. Helgoland, Ujerumani, maji huchotwa kila siku ya kazi tangu 1962. Katika Narragansett Bay, Marekani, vipimo vya kila wiki vimeendelea tangu miaka ya 1950. Kwetu kumefanyika tafiti nzuri, lakini nyingi ni za mwaka mmoja au miwili, na fedha za mradi zikiisha vipimo navyo hukoma.

Uwezo upo. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Unguja, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) iko Dar es Salaam, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) iko Mombasa. Kila siku vyombo vya abiria huvuka mlango wa bahari wa Zanzibar, na maji yanaweza kuchotwa kutoka kwenye vyombo hivyo bila kukodi meli ya utafiti. Chupa za sampuli, kipimajoto, kisahani cheupe cha kupimia uangavu wa maji, wavu wa planktoni na hadubini vinapatikana kwa gharama ndogo ukilinganisha na thamani ya uvuvi wenyewe. Wavuvi wanaotoka kila usiku wa kiza wanaweza kuwa washirika wa kudumu, mradi walipwe na warudishiwe matokeo.

Serikali za Kenya, Tanzania na Zanzibar zitenge fedha za kudumu, ndani ya bajeti zao wenyewe, kwa ajili ya vituo vichache vya kupima joto, silika, naitrojeni na diatomu kila mwezi: kimoja nje ya delta ya Rufiji, kimoja katika mlango wa bahari wa Zanzibar, kimoja kwenye mlango wa Tana. Silika ipimwe juu na chini ya kila bwawa kubwa. Misri haikuwa na nafasi ya kujua kabla ya kupoteza msimu wake wa dagaa. Sisi tunayo, na kila mwaka unaopita bila vipimo hauwezi kupimwa tena.